Kupendwa na Kuaminiwa: Uchaguzi wa Kiongozi wa Chama Katika Uingereza, Mwaka 2022



Mazungumzo yetu ya leo ni habari za watu wawili wa Uingereza walioitaka kazi moja katika mwaka 2022. Kazi hiyo ilikuwa uongozi wa chama cha Conservative, na pamoja nao cheo cha Waziri Mkuu. Mmoja, Bibi Liz Truss, aliahidi mambo yaliyowapendeza wanachama, akachaguliwa. Lakini hakumaliza miezi miwili katika kazi. Wa pili, Bwana Rishi Sunak, alionya kwamba ahadi zile zitaleta hasara, akakataliwa. Kisha maonyo yake yakatimia, akaitwa kuja kutengeneza. Lakini yeye naye, alipokwenda mbele ya taifa zima mwaka 2024, alishindwa vibaya.

Twawaletea habari hizi kwa sababu swali lililomo ndani yake si la Waingereza peke yao. Kila mahali watu wakutanapo kumchagua mkubwa wao, ikiwa ni katika Bunge au katika chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, mambo mawili hutazamwa. La kwanza, je, mtu huyu aweza kuwavuta watu wamfuate? La pili, je, tukimkabidhi mfuko wa fedha, mfuko utakuwa salama? Mara nyingi twadhani kwamba mambo haya mawili ni jambo moja. Habari za mwaka ule zaonyesha kwamba sivyo.

Kwanza yatupasa kueleza desturi ya nchi ile. Waingereza hawamchagui Waziri Mkuu kwa kura zao moja kwa moja. Nchi imegawanywa katika majimbo 650 ya uchaguzi, na kila jimbo huchagua Mbunge mmoja. Chama kipatacho Wabunge zaidi ya nusu ndicho kifanyacho Serikali, na kiongozi wa chama hicho huitwa na Mfalme au Malkia kuwa Waziri Mkuu. Basi kiongozi akiondoka katikati ya safari, si lazima taifa lote lipige kura. Chama chenyewe humtafuta mwingine, na yule apatikanaye ndiye ashikaye usukani wa nchi.

Kwa kanuni za chama cha Conservative zilizotumika mwaka ule, Wabunge wa chama walipiga kura mara kadhaa, na kila mara aliyekuwa wa mwisho aliondolewa, mpaka wakabaki wawili. Ndipo wawili hao walipopelekwa mbele ya wanachama wa kawaida, yaani watu waliolipa ada ya chama. Hao ndio waliokuwa waamuzi wa mwisho.

Mwezi wa Julai 2022 Waziri Mkuu wa wakati huo, Bwana Boris Johnson, alikuwa amepoteza imani ya wenzake. Tarehe 5 Julai Bwana Sunak, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alijiuzulu pamoja na Waziri wa Afya, na wengine wengi wakawafuata. Tarehe 7 Julai Bwana Johnson akatangaza kwamba ataondoka. Watu wanane wakaingia katika kura ya kwanza ya Wabunge. Hata ilipofika tarehe 20 Julai walikuwa wamebaki watatu: Bwana Sunak akapata kura 137, Bibi Truss 113, na Bibi Penny Mordaunt 105. Bibi Mordaunt akatoka, wakabaki wawili.

Itazameni hesabu hiyo. Wabunge, ambao walikuwa wakifanya kazi na watu hawa kila siku, walimweka Bwana Sunak mbele. Lakini neno la mwisho halikuwa lao. Lilikuwa la wanachama, na wanachama hao hawakufikia 175,000 katika nchi yenye wapiga kura zaidi ya milioni 45. Si hata mtu mmoja katika kila wapiga kura 250. Basi mtu aliyetaka kuongoza nchi nzima ilimpasa kwanza awapendeze wachache hao, na lile lipendezalo wachache si lazima liwapendeze wengi, wala si lazima liwe la kweli.

Sasa tuwatazame wenyewe. Wote wawili walisoma katika Chuo Kikuu cha Oxford, na wote wawili walisoma masomo yale yale: falsafa, siasa na uchumi. Bwana Sunak alizaliwa mji wa Southampton mwaka 1980. Baba yake alizaliwa Kenya, na mama yake alizaliwa Tanganyika, wote wa asili ya Kihindi, nao walihamia Uingereza katika miaka ya 1960. Baba alikuwa daktari, na mama alikuwa na duka la dawa. Bwana Sunak alipenda kuwaambia watu kwamba alijifunza mambo ya fedha kwa kumsaidia mama yake kuandika vitabu vya hesabu vya duka lile. Baadaye alifanya kazi katika makampuni makubwa ya fedha, akawa tajiri sana.

Bibi Truss alizaliwa Oxford mwaka 1975, binti wa profesa wa hesabu na muuguzi. Katika ujana wake alikuwa mwanachama wa chama kingine, Liberal Democrats. Tena mwaka 2016, taifa lilipoulizwa kama litoke katika Umoja wa Ulaya, yeye aliwasihi watu wabaki, na Bwana Sunak alitaka kutoka. Wanachama wengi wa Conservative walitaka kutoka. Ungedhani basi kwamba wangemwona Bwana Sunak kuwa mwenzao zaidi. Haikuwa hivyo. Miaka sita baadaye Bibi Truss ndiye aliyeonekana kuwa mtu wao, kwa kuwa yeye ndiye aliyesema kwa nguvu lile walilotamani kulisikia wakati ule.

Je, walitamani kusikia nini? Mwaka 2022 maisha yalikuwa magumu. Ugonjwa wa korona ulikuwa umeiachia Serikali deni kubwa, kwa maana katika mwaka 2020 Serikali ililipa hata sehemu 80 kwa mia ya mishahara ya watu waliozuiwa kufanya kazi. Bwana Sunak mwenyewe ndiye aliyeutangaza mpango huo, na kwa muda alipendwa sana kwa ajili yake. Kisha Urusi ikaivamia Ukraine mwezi wa Februari 2022, na bei ya gesi ikapanda mno. Mwezi wa Julai vitu vilikuwa ghali kwa sehemu 10 kwa mia kuliko mwaka uliotangulia, jambo ambalo halikuonekana kwa miaka 40. Na kodi nazo zilikuwa zikipanda, kwa amri ya Bwana Sunak huyo huyo, maana alisema deni lazima lilipwe. Alikuwa amepandisha mchango wa bima ya taifa, akapanga kupandisha kodi ya faida za makampuni kutoka sehemu 19 hata 25 kwa mia.

Bibi Truss alikuja na maneno mepesi kufahamika. Alisema kodi zitapunguzwa mara moja, tangu siku ya kwanza. Mchango ule utarudishwa chini, na kodi ya makampuni haitapandishwa. Deni la wakati wa ugonjwa, alisema, lisilipwe upesi, bali liwekwe kando lilipwe kwa miaka mingi. Watu wakiachiwa fedha zao watafanya kazi na biashara, nchi itakua, na Serikali itapata zaidi hapo baadaye.

Bwana Sunak alijibu kwamba kwanza bei zitulizwe, ndipo kodi zipunguzwe. Alisema kwamba Serikali ikikopa ili kupunguza kodi wakati bei zinapanda, bei zitazidi kupanda, riba itapanda, na mwenye nyumba ya mkopo ndiye atakayeumia. Tangu mwanzo aliwauliza wanachama kama watakabili mambo kwa ukweli, au watajipumbaza kwa hadithi tamu zitakazowaacha watoto wao katika hasara.

Wasikilizaji, tusiwacheke wale walioyachukia maneno haya. Mtu aliyechoka na kodi hapendi kuambiwa avumilie, na zaidi hapendi kuambiwa hivyo na yule yule aliyeipandisha kodi yenyewe. Tena wengi waliona kwamba Bwana Sunak alimsaliti Bwana Johnson kwa kujiuzulu. Utajiri wake ulimfanya aonekane mtu wa mbali. Na mwezi wa Aprili mwaka ule ule alikuwa ametozwa faini na polisi kwa kuhudhuria mkusanyiko uliokatazwa na sheria za ugonjwa. Bibi Truss hakuwa msemaji hodari, na mwenyewe alikiri hivyo. Lakini alikuwa na tumaini mdomoni, na mwenzake alikuwa na hesabu.

Wote wawili walilitumia jina la Bibi Margaret Thatcher, Waziri Mkuu wa zamani anayeheshimiwa sana na wanachama. Bibi Truss alisifiwa kuwa mfano wake kwa kupenda kodi ndogo. Lakini Serikali ya Bibi Thatcher, katika mwaka 1981, ilipandisha kodi wakati nchi ilipokuwa katika shida, ili kupunguza mikopo. Jambo hilo Bwana Sunak alilifahamu, akadai kwamba yeye ndiye afuataye njia ya mama yule. Hakusikilizwa. Kumbukumbu za watu huchukua lile zilipendalo.

Hapo Bwana Sunak naye akaanza kuyumba. Alipoona kwamba ahadi za mwenzake zinawavuta watu, mwisho wa Julai aliahidi kwamba kodi ya mapato itashushwa kutoka sehemu 20 hata 16 kwa mia katika miaka ya mbele. Huenda ahadi hiyo ingewezekana. Lakini ilitoka kwa mtu aliyekuwa amejenga jina lake kwa kukataa ahadi. Mtu wa hesabu akianza kukimbilia makofi, hupunguza ile akiba moja aliyo nayo, wala makofi yenyewe hayapati.

Tarehe 5 Septemba matokeo yakasomwa. Bibi Truss alipata kura 81,326, na Bwana Sunak kura 60,399. Siku ya pili yake Bibi Truss alikwenda Balmoral, Scotland, akapokelewa na Malkia Elizabeth wa Pili, akawa Waziri Mkuu. Tarehe 8 Septemba Malkia akafariki, na nchi ikaingia katika matanga.

Matanga yalipokwisha, tarehe 23 Septemba, Waziri wa Fedha mpya, Bwana Kwasi Kwarteng, alisimama Bungeni akatangaza mambo yaliyoahidiwa, tena na zaidi. Punguzo la kodi lilikuwa la pauni milioni elfu 45 kwa mwaka, kubwa kuliko yote tangu mwaka 1972. Pamoja na mengine, aliifuta kodi ya sehemu 45 kwa mia iliyolipwa na watu wenye mapato makubwa kabisa, jambo ambalo halikuahidiwa kwa wanachama. Juu ya hayo, Serikali ilikuwa imekwisha ahidi kulipa sehemu ya gharama za gesi na umeme kwa kila nyumba, na hakuna aliyejua kwa hakika gharama hiyo itafika wapi. Fedha zote hizo zingetoka wapi? Zingekopwa.

Hapa twataka kueleza kwa urefu kidogo, maana ndipo kiini cha habari kilipo. Serikali ya Uingereza, kama serikali nyingi, hutumia kuliko inavyopata. Upungufu huzibwa kwa kukopa. Hazina hutoa hati, na anunuaye hati huikopesha Serikali fedha. Hulipwa riba kila mwaka, na muda ukiisha hurudishiwa mali yake. Hati hizo huuzwa na kununuliwa sokoni kila siku, kama mahindi. Watu wakiwa na imani, bei ya hati huwa nzuri, na Serikali hukopa kwa riba ndogo. Imani ikipungua, wengi hutaka kuuza, bei huanguka, na Serikali hulazimika kutoa riba kubwa ili ipate wa kuikopesha.

Sasa, mkopeshaji hamwulizi mkopaji kama anapendwa na watu wake. Humwuliza neno moja tu: Utanilipaje? Na jibu la swali hilo halikuwapo. Tangu mwaka 2010 Uingereza ina ofisi huru ambayo kazi yake ni kuyakagua makisio ya Serikali na kuwaambia watu wote kama hesabu zinakubaliana. Safari hii makisio ya ofisi hiyo hayakutolewa pamoja na hotuba. Tena, siku chache kabla, Katibu Mkuu wa Hazina, mtu aliyeizoea kazi kwa miaka mingi, alikuwa ameondolewa. Ilikuwa kama mweka hazina wa chama cha ushirika asimame mbele ya wenzake, atangaze kwamba bei ya mazao itaongezwa na ada itapunguzwa, kisha mtu akiuliza daftari lilipo, aambiwe kwamba daftari litaletwa siku nyingine.

Jumatatu, tarehe 26 Septemba, pauni ya Uingereza ilianguka sokoni. Kabla ya hotuba ilikuwa karibu dola 1.13 za Marekani. Asubuhi ile iligusa dola 1.03 hivi, chini kuliko ilivyopata kuwa wakati wowote. Bei ya hati za Serikali ikaanguka kwa kasi ya kutisha. Na kuanguka huko kulifichua jambo ambalo watu wengi hawakulijua. Mifuko mingi ya pensheni, yaani akiba za wafanyakazi kwa uzee wao, ilikuwa imefanya mapatano ya fedha ambayo dhamana yake ni hati zizo hizo. Bei ilipoanguka, waliowekewa dhamana walitaka nyongeza upesi. Mifuko ikauza hati ili kupata fedha; kwa kuuza, bei ikaanguka zaidi; na kwa kuanguka zaidi, nyongeza nyingine ikatakiwa. Ilikuwa kama mkulima alaye mbegu zake kwa njaa, na kila azilapo, njaa ya mwaka ujao huzidi.

Tarehe 28 Septemba Benki ya Uingereza ililazimika kuingia kati. Ilitangaza kwamba iko tayari kununua hati za muda mrefu, hata kufikia pauni milioni elfu 65, mpaka tarehe 14 Oktoba. Mwisho wake ilinunua za pauni milioni elfu 19 hivi, na hofu ikapungua.

Lakini msiba ulikwisha fika nyumbani kwa watu. Katika Uingereza watu wengi hununua nyumba kwa mkopo, na nyumba yenyewe huwa rehani mpaka deni liishe. Siku ya hotuba, riba ya mkopo uliofungwa kwa miaka miwili ilikuwa kwa wastani chini ya sehemu 5 kwa mia. Kabla majuma mawili hayajapita ilikuwa imezidi 6. Kwa mtu mwenye deni la pauni 200,000, kila sehemu moja kwa mia ni pauni 2,000 za riba kwa mwaka. Waliokuwa karibu kununua nyumba yao ya kwanza waliona mikopo waliyoahidiwa ikiondolewa. Wahenga wetu walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Tofauti ni kwamba hapa waliokwenda harusini na waliolia matangani hawakuwa watu wale wale. Waliomchagua Bibi Truss walikuwa watu 81,326. Walioongezewa riba walikuwa wengi mno kuliko hao, na wengi wao hawakuulizwa neno.

Serikali ikaanza kurudi nyuma. Tarehe 3 Oktoba iliiacha ile habari ya kodi ya matajiri. Tarehe 14 Oktoba Bwana Kwarteng aliondolewa, na mahali pake akawekwa Bwana Jeremy Hunt. Siku tatu baadaye huyu akafuta karibu yote yaliyotangazwa. Gazeti la Daily Star likaweka kichwa cha saladi mbele ya kamera, likawauliza wasomaji ni kipi kitakachonyauka kwanza, saladi au Waziri Mkuu. Saladi ikashinda. Tarehe 20 Oktoba Bibi Truss alitangaza kwamba anajiuzulu. Alishika kazi kwa siku 49, muda mfupi kuliko Waziri Mkuu mwingine yeyote wa nchi hiyo.

Haki yataka tuseme na upande wake. Katika miezi ile riba ilikuwa ikipanda katika nchi nyingi, si Uingereza tu. Bibi Truss alisema baadaye kwamba hakuonywa juu ya udhaifu wa mifuko ya pensheni, na kwamba wakubwa wa mambo ya fedha hawakumpa nafasi. Tena shabaha yake, yaani nchi ikue na watu wapate kazi na mishahara bora, si shabaha mbaya. Uchumi wa Uingereza ulikuwa umekwenda polepole kwa miaka mingi. Wako pia waulizao, ni haki gani watu wa soko la fedha kumwangusha Waziri Mkuu, nao hawakuchaguliwa na mtu? Swali hilo ni zuri. Jibu letu ni kwamba mkopeshaji hana kura, lakini ana fedha yake, naye ni huru kuizuia. Atakaye kuwa huru mbele ya wakopeshaji hana budi kukopa kidogo, au kuonyesha daftari lake wazi. Bibi Truss alitaka kukopa zaidi huku daftari limefungwa.

Basi tarehe 25 Oktoba 2022 Bwana Sunak akawa Waziri Mkuu, mtu wa kwanza wa asili ya Asia kushika kazi hiyo. Wapinzani wake walijitoa, na wanachama hawakupiga kura. Soko lilitulia. Mwanzo wa 2023 aliahidi kwamba kasi ya kupanda kwa bei itapunguzwa kwa nusu, na kabla ya mwisho wa mwaka ilikuwa imepungua zaidi ya hapo. Mtu angeweza kusema: huyu alisema kweli, akatimiza, basi taifa litamshukuru.

Taifa halikumshukuru. Tarehe 22 Mei 2024 alisimama mbele ya nyumba yake ya kazi, mvua ikimnyeshea bila mwavuli, akatangaza uchaguzi. Mwezi wa Juni aliondoka mapema katika sherehe za kuwakumbuka askari waliovuka bahari kwenda Normandy mwaka 1944, na kesho yake ikambidi aombe radhi. Tarehe 4 Julai chama chake kilipata viti 121 tu, hali mwaka 2019 kilipata 365. Hakikupata kuwa na viti vichache namna hiyo katika historia yake yote. Bibi Truss mwenyewe, aliyeshinda jimboni mwake mwaka 2019 kwa kura zaidi ya 26,000 juu ya mpinzani wake, alipoteza kiti kwa kura 630.

Kwa nini aliyesema kweli naye akaanguka? Kwanza, kwa sababu bei zikiacha kupanda kwa kasi hazirudi zilipokuwa. Mkate uliopanda hukaa juu. Pili, kwa sababu chama kilikuwa kimetawala miaka 14, na watu hawakumtenga yeye na wenzake. Imani ya watu juu ya mfuko wa fedha huvunjwa na mtu mmoja kwa siku moja, na chama kizima hulipa kwa miaka. Tatu, kwa sababu kuweza hesabu hakutoshi. Mtu aweza kuwa mtunzaji mwema wa mfuko, lakini watu wasipoona kwamba anaijua njaa yao, hawatamfuata.

Chama cha Labour, chini ya Bwana Keir Starmer, kiliyatazama hayo yote kikajifunza. Bibi Rachel Reeves, msemaji wake wa fedha, ambaye zamani alifanya kazi Benki ya Uingereza, alirudia mara nyingi kwamba kila ahadi lazima ionyeshe fedha zake zitokako, na kwamba makisio makubwa hayatatolewa tena bila ile ofisi huru kuyakagua. Labour kilipata viti 411. Lakini kura zake zilikuwa kama theluthi moja tu ya zote zilizopigwa. Hayakuwa mapenzi makubwa. Watu walikiona kuwa salama zaidi kuliko wale waliowaunguza.

Wasikilizaji, twamalizia hapa. Atakayesimama mbele yenu kesho kuomba uongozi, ikiwa ni wa taifa, wa wilaya, au wa chama chenu cha ushirika, msimkatae kwa kuwa ana maneno matamu. Kiongozi asiye na tumaini mdomoni ni mzigo. Lakini akiisha kusema, mwulizeni mambo manne. Fedha za ahadi yako zatoka wapi? Ni nani mwingine aliyelikagua daftari? Ukikosea, atakayelipa ni wewe au ni sisi? Na maneno haya utuambiayo sisi, je, wayasema vile vile kwa wale wasiotuunga mkono? Ajibuye vizuri yote manne huenda asipigiwe makofi mengi siku ile. Nanyi mkipiga makofi, pigeni baada ya kuliona daftari.